Mtoto wa Kadi ya Mwenzangu

Buffalo nzima, huku Marekani, yaani Buffalo yetu sisi tuliotoka kambini, rafiki yangu anaitwa kwa jina la mwanangu. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linawekwa kabatini. Watu wanamwita mama wa fulani, na huyo fulani ni kifungua mimba. Kifungua mimba wangu ni msichana. Nilimzaa mimi, kambini, upande wa Kasulu, mvua ikipiga mabati ya zahanati hata mkunga akawa ananisemesha kwa mikono. Lakini kanisani, kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, kwenye simu, anayeitikia kwa jina la mtoto huyo ni rafiki yangu. Mimi naitwa kwa jina la mvulana niliyemzaa baadaye. Kila nikiitwa hivyo naona nimeruka mtu.

Nieleze mapema ilivyokuwa. Kambini tulikuwa tunahesabiwa. Siku ya kuhesabiwa hutumi mtu. Unakwenda mwenyewe na watoto wako, unasimama foleni tangu alfajiri, unachovywa kidole kwenye wino, unaandikwa kwenye kadi ya chakula. Siku hiyo waliita watu bila kutangaza, na mimi nilikuwa nje ya kambi napalilia mahindi ya wenyeji kwa kibarua, jambo lililokuwa limekatazwa kabisa. Mtoto alikuwa na miezi saba, nimemwachia rafiki yangu, ambaye wakati huo hakuwa na mtoto wake mwenyewe. Akasimama foleni na mwanangu mgongoni. Karani hakuuliza kitu, akamwandika kwenye kadi yake. Niliporudi jioni na jembe begani akanionyesha kadi, tukacheka. Tulicheka sana! Tulikuwa tunapika chungu kimoja, unga ukija kwa kadi hii au ile unaingia tumbo lilelile. Mimi mwenyewe ilinichukua miezi kurudishwa kwenye kadi ya wazazi wangu, na nikarudishwa peke yangu, maana mtoto alikwishahesabiwa.

Halafu zikaja kesi za Marekani, yaani maombi ya kuhamishiwa huko. Familia moja ya mtaa wetu ilijaribu kusahihisha kadi yao, kesi ikasimama, wakabaki wanatuangalia tukipanda mabasi. Kwa hiyo ofisa aliponiuliza nina watoto wangapi, nikasema sina. Mkalimani akatafsiri, ofisa akaandika. Mtu akinihurumia kwa habari hii huwa namkumbusha kwamba hakuna aliyenishika ulimi.

Tulidhani Marekani ni kambi kubwa zaidi, basi. Rafiki yangu alipoambiwa Buffalo, na mimi Louisville, na mwenzetu wa tatu Columbus, tulidhani ni kama mtaa wa kwanza, wa pili na wa tatu, kwamba jioni utavuka kwenda kuomba chumvi na kumbeba mwanao. Tuliagana uwanja wa ndege bila hata machozi. Nilimwambia, “Umvishe soksi, tutaonana huko.” Nani angetuambia kwamba Louisville hadi Buffalo ni karibu saa tisa kwa gari? Labda waliokuwepo walidhani tunajua.

Mwaka wa kumi na moja tangu tufike, mwezi wa Juni, rafiki yangu alifaulu mtihani wa uraia. Kilichobaki ni kiapo, mwezi uliofuata. Mzazi akila kiapo, mtoto wake mdogo anakuwa raia pamoja naye, kwa karatasi yenye jina la mama na jina la mtoto. Nikampigia simu. Nikamwambia, kabla ya karatasi hiyo, mwambie mtoto. Sitaki kumchukua, sitaki matatizo na serikali, nataka ajue tu. Nilikuwa nadanganya. Nilitaka kumchukua. Nilikuwa nimeshapima chumba cha wavulana wangu, nikajua kitanda chake kitakaa upande gani, na mume wangu, anayejua habari yote na hapendi kuisikia, aliniona na kamba ya kupimia mkononi akatoka nje.

Rafiki yangu akasema, “Njoo. Tutamwambia pamoja.”

Yule wa Columbus ndiye aliyepanga. Ni mwanamke wa maneno mengi ambaye hajawahi kuficha jambo lolote duniani isipokuwa hili. Akasema tuite siku ya kutembea. Tutakwenda kuona maporomoko ya maji yaliyo karibu na Buffalo, tutapita madukani, wanawake watatu na binti, na katikati ya starehe jambo litasemwa bila kishindo. Lilisikika kama wazo zuri. Nilipanda basi baada ya kazi, mikono bado inanuka nyama ya kiwandani hata baada ya sabuni mara tatu, nikalala kwake Whitehall, pembeni mwa Columbus, kwenye kochi huku wavulana wake wanne wakigombania rimoti juu ya miguu yangu. Kesho yake tukaendesha. Aliongea kutoka Columbus hadi Buffalo, habari za msimamizi wake wa ghala, habari za goti lake, na kila tulipokaribia jambo langu alipandisha sauti ya redio.

Jumamosi asubuhi, Black Rock, mtaa mmoja wa Buffalo, nyumba ya mbao ambayo rafiki yangu na mumewe waliinunua ikiwa haina madirisha na wakaiwekea madirisha wenyewe. Nilikuwa nimekaa jikoni na chai. Nikasikia miguu kwenye ngazi. Akaingia mtoto mrefu kuliko mimi, ana paji langu la uso, pana kama sinia, ana hata ile tabia ya mama yangu mzazi ya kujikuna kiwiko akiwa na aibu.

“Shikamoo, shangazi,” akasema.

Nikaitikia. Shangazi ni dada wa baba. Baba wa mtoto huyu alipotelea machimboni kabla hajamwona akiota jino, na dada zake sijui hata kama wapo. Niliomba siku nyingi aniite mama mkubwa, maana mimi nimemzidi rafiki yangu umri; rafiki yangu akasema neno refu, watoto wa hapa hawaliwezi. Kwa hiyo nikawa shangazi, cheo ambacho sikuwa na haki nacho, nikakosa kile nilichokuwa na haki nacho.

Maporomoko ni makubwa, sikatai. Watu wanasema ukiyaona unasahau shida zako. Sikusahau hata moja. Walitugawia makoti ya plastiki ya bluu, tukapanda mashua pamoja na umati wa watu waliokuwa wakipiga kelele za furaha, na yule wa Columbus alishika reli kwa mikono miwili akiuliza, “Hivi haya maji hayaishi? Yanatoka wapi yote haya? Si wangepeleka hata kidogo kwetu!” Binti alicheka hadi akaegemea bega la rafiki yangu. Nilimfinya rafiki yangu kiuno, nikamnong'oneza, “Sasa?”

“Kelele hizi, atasikia nini?”

Ni kweli, asingesikia. Tukatelemka. Tulikula kwenye majani ya bustani, maharage na ndizi kutoka kwenye vyombo vya nyumbani, bado vuguvugu. Nikamtazama rafiki yangu. Akasema mtoto amalize kula kwanza. Mtoto akamaliza, akalala chali na simu yake juu ya uso, na rafiki yangu akaanza kukusanya vijiko kimoja kimoja, akavifuta, akavihesabu, akavifuta tena. Namjua tangu tukiwa wasichana wa kuteka maji. Akiogopa huwa anafanya usafi.

Hasira ilinipanda. Nilitaka kusimama pale pale mbele ya watalii na kusema mwenyewe. Lakini nilikuwa nimeahidi kwamba litatoka mdomoni mwake, kwa sababu niliamini likitoka kwake mtoto atalikubali, na likitoka kwangu nitaonekana mwendawazimu aliyetoka Kentucky kuiba watoto. Nikajikaza.

Tukaenda madukani, yale maduka marefu yaliyopangwa pamoja ambako kila kitu kinadaiwa kushushwa bei. Binti alihitaji viatu. Nikasema nitanunua mimi, na hapo ndipo nilipojua kwamba anavaa namba nane ya Marekani, mguu wa mtu mzima. Kila Krismasi nilimtumia viatu. Nilikuwa nakisia: natafuta kanisani kwetu Louisville msichana wa umri wake, namwomba mama yake nitazame chini ya kiatu. Rafiki yangu hakuwahi kuniambia kama vilimwenea.

“Vile vya mwaka jana vilikutosha?” nikamuuliza binti.

Akamtazama rafiki yangu kwanza. “Vilikuwa vizuri,” akasema. Akainama kufunga kamba.

Sitasahau namna alivyomtazama kwanza. Mtoto wa mtu anapoulizwa swali la mtego na mgeni, humtazama mama yake. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia la duka, nimeshika kisigino cha mwanangu, na mimi ndiye mgeni.

Yule wa Columbus aliona. Akanivuta kando kwenye rafu za mikoba. “Mwenzangu, jioni haijafika. Vumilia.”

“Navumilia mpaka lini? Mpaka aolewe?”

“Mpaka leo jioni. Mimi nitamsukuma.”

Lakini hakumsukuma. Mimi pia sikumsukuma. Nikifikiri sasa, siku nzima tulikuwa wanawake watatu tunaosukumana kwa macho.

Mahali pa mwisho palikuwa Lower West Side, mtaa mwingine wa Buffalo, kwenye soko dogo la ndani ambako kila mtu ana kibanda chake: Msomali na chai yake ya iliki, Mkongo na vitenge, na mama mmoja mfupi aliyekuwa akiuza mifuko iliyofumwa kwa mkono, nyekundu na nyeusi, yenye mkanda mrefu. Nyuma yake alibandika picha kubwa ya milima ya kaskazini mwa Thailand, ukungu umekaa mabondeni.

“Mbona hiyo ni Kasulu!” yule wa Columbus akapiga kelele. “Tazama, hata njia ya kwenda bombani ipo!”

Tukacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo tukacheka sote wanne. Yule mama akataka kujua tunacheka nini, na binti akamweleza kwa Kiingereza. Naye akaonyesha picha kwa kidole na kusema maneno machache. Binti akatutafsiria: watu wake ni wa Burma, lakini yeye alizaliwa upande wa Thailand, kambini, kwenye milima hiyo hiyo. Alikaa humo miaka ishirini na zaidi. Yule wa Columbus akamshika mkono palepale na kuutikisa kama wa ndugu aliyepotea. Wakaanza kulinganisha kwa vidole: mchele, mafuta, kuni, foleni. Alikuwa anajua kila kitu. Alichuchumaa hata kuonyesha jinsi walivyokuwa wakikaa foleni jua likiwa kali.

Mimi sikutaka mifuko. Nilimtazama mama yule nikaona hapa kuna mtu anayeweza kunijibu.

“Muulize,” nikamwambia binti, “kwao, mtu akikosa siku ya kuhesabiwa, ilikuwaje?”

Binti akauliza. Yule mama akapuuza kwa mkono, akajibu kwa ufupi.

“Anasema unaenda ofisini kesho yake. Wanakuandika.”

Kesho yake. Sijui kama ni kweli. Labda kambi yake ilikuwa na karani mwema, labda amesahau. Lakini niliisikia hivyo, kwamba mahali fulani duniani, kwenye milima inayofanana na ya kwetu, kosa kama langu lilirekebishwa kwa kutembea hadi ofisini asubuhi. Na mimi je, nilitembea? Nilikwenda ofisini mara mbili, mara tatu, kwa ajili ya kadi yangu mwenyewe. Kwa ajili ya mtoto sikwenda hata mara moja. Niliogopa kuulizwa nilikuwa wapi. Na, niseme ukweli, niliona uvivu. Chungu kilikuwa kimoja.

“Na mtoto?” nikasema. Sauti yangu haikuwa nzuri. “Muulize, kama mtoto ameandikwa kwa mtu mwingine?”

Rafiki yangu alikuwa ameshika kitambaa, akakiachia. Binti hakugeuka kwa yule mama. Alinitazama mimi, moja kwa moja, muda mrefu kuliko watoto wanavyotazama watu wazima.

“Sijui kuisema hiyo kwa Kiingereza,” akasema.

Mtoto huyu anamtafsiria rafiki yangu kwa daktari, kwa mwenye bima, kwa mwalimu. Hakuna asichojua kukisema kwa Kiingereza. Nilimnunulia mfuko mmoja mwekundu, kwa sababu tulikuwa tumesimama pale muda mrefu na ilikuwa lazima mtu anunue kitu.

Tulirudi Black Rock jua bado liko juu. Wenzangu wawili waliingia jikoni kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mimi nilibaki kwenye ngazi za mbele, nimechoka kuliko siku ninapofanya shifti mbili, nikijiambia kwamba bado kuna chakula cha jioni, bado kuna saa tatu au nne. Mlango ukafunguka. Binti akaja kukaa ngazi moja chini yangu. Akajikuna kiwiko.

“Shangazi.”

“Naam, mama.”

“Mimi najua.”

Sikumuuliza anajua nini.

“Mama aliniambia wakati wa theluji,” akasema. “Kila kitu. Kadi, na kila kitu. Leo yeye alitaka tukuambie. Mimi ndiye nilimwambia hapana. Usimkasirikie.”

Alisema kwa Kiswahili. Kwa kawaida rafiki yangu akimwita kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha kutafsiria wengine, si cha kusemea ya moyoni. Kwa hiyo nilijua alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameketi chumbani mwake, juu kule, akapanga maneno haya moja moja, pengine akamuuliza rafiki yangu yale asiyoyajua.

“Kwa nini ulisema hapana?” nikamuuliza.

“Kwa sababu likisemwa, utaniuliza kama nataka kuja Louisville.” Akatafuta neno, akalipata. “Sitaki kuja Louisville.”

Gari lilipita barabarani. Jirani wa ng'ambo alikuwa anamwagilia nyanya. Nilitamani mtoto huyu anitukane, anililie, aniulize ulikuwa wapi. Hayo nilikuwa na majibu yake. Nilikuwa nimeyatayarisha miaka kumi kwenye mstari wa kukatia nyama kiwandani, kisu mkononi, nikisogeza midomo hata wenzangu wakadhani nasali.

“Hakuna anayekuuliza,” nikasema. “Sina la kukuambia. Nimekuja kutembea tu.”

Akapumua kama mtu aliyetua ndoo ya kichwani. Akasema okay. Akanishukuru kwa viatu na mfuko, akasimama, akasita, kisha akaniwekea mkono begani kwa namna watoto wa hapa wanavyofundishwa kuwafanyia wazee, na akaingia ndani kusaidia jikoni. Kupitia wavu wa mlango nikasikia rafiki yangu akimuuliza kitu kwa sauti ndogo, naye akijibu kwa sauti ndogo. Kisha mchi ukaendelea.

Tulikula sombe. Rafiki yangu aliniwekea kipande kikubwa cha samaki kuliko cha mtu yeyote, na hakuniangalia. Sikuweza kumchukia, na hilo lilinitesa, maana chuki ingenipa kazi ya kufanya. Alimnywesha uji mwanangu, alimbeba kwenye ndege, alikesha naye akiugua tetekuwanga mwaka wa kwanza wa baridi, wakati mimi sijajua hata kutumia kadi ya simu. Kila nilipotafuta pa kumshika, nilijishika mwenyewe. Tuliondoka kesho yake baada ya ibada. Yule wa Columbus aliendesha saa tano bila neno hata moja, na hakuwasha redio.

Mwezi uliofuata rafiki yangu alikula kiapo. Najua siku kwa sababu simu ililia nikiwa nje ya kiwanda, mapumziko ya mchana, nimekaa ukingoni mwa maegesho na chakula changu. Nilipopokea nikasikia nyumba imejaa watu: nyimbo, viti vinavutwa, watoto. Rafiki yangu alikuwa ameniweka kwenye spika. Mtu mmoja, mwanamke nisiyemjua sauti, alikuwa anawapongeza mama na bintiye, akimtaja mama kwa jina la binti, na watu wakiitikia amina. Kisha yule mwanamke akasogea kwenye simu.

“Ni wewe wa Louisville? Tumeambiwa kambini kote hakukuwa na mpiga vigelegele kama wewe. Tupigie basi, tusikie. Huyu mtoto ni wako pia!”

Watu wakacheka. Nilimsikia rafiki yangu akisema, “Mwacheni, yuko kazini,” lakini walikuwa wengi, wakaanza kupiga makofi ya kuningoja. Na nilisikia, au nilidhani nimesikia, sauti ya msichana ikisema kitu kwa Kiingereza mbali na simu.

Nikaweka chakula chini. Nikapiga vigelegele, palepale kwenye maegesho, na wanaume wawili waliokuwa wakivuta sigara wakageuka kunitazama.

Wakasema simu inakatakata, nirudie. Nikarudia.